Somo: Invata inalia piipii, na betri haina kosa

Mama mmoja wa Igawilo aliniita invata yake ya sebuleni, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, ilipokuwa inalia kila ikifika saa mbili usiku, wakiwasha TV na taa zote. Alikuwa ameshabadilisha betri mara mbili. Nilipopima, betri ya kwanza aliyoitupa stoo ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa waya mwembamba, ule wa kuvutia soketi za ndani, uliotumika kuunga betri na invata. Laki kadhaa zimekwenda kwa kosa la waya wa mita mbili.

Ndiyo maana naandika somo hili. Invata haioni betri yako; inaona volti zinazofika mlangoni kwake tu. Hapa nazungumzia invata ya volti 12 na betri ya tindikali. Yako ikiwa ya volti 24, zidisha namba za volti za betri mara mbili.

Vua pete, bangili na saa ya chuma kwanza. Spana ikigusa vichwa vyote viwili vya betri kwa pamoja, inawaka kama mashine ya kuchomelea. Usivute sigara karibu, maana betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka.

1. Sikiliza inavyolia. Kwa invata nyingi, mlio wa kukatakata ni onyo kwamba volti zimeshuka, na mlio mrefu usiokatika ni mzigo umezidi au joto limepanda. Kila kampuni ina yake, kwa hiyo kitabu kilichokuja na boksi kitafute, hata kama watoto wamekichorea.

2. Pima sehemu mbili. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Lakini usipime ikiwa imepumzika tu. Washa mzigo ule ule unaoleta kelele, kisha weka mita ya volti kwenye vichwa vya betri, andika namba. Hamishia kwenye skrubu za invata, andika tena. Tuseme betri inasoma 11.9 na invata 10.5: zaidi ya volti moja imepotelea njiani, na invata nyingi huanza kulia zikifika karibu 10.5. Hapo achana na betri, tafuta waya. Zikilingana na zote ziko chini, betri ina njaa au imechoka.

3. Safisha vichwa. Fungua waya wa hasi kwanza, wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Ule unga mweupe au wa kijani usafishe kwa maji ya moto yenye magadi, yasiingie kwenye vifuniko vya betri. Sugua kwa brashi ya waya, kausha, kaza, paka grisi kidogo juu. Kwetu Rungwe, unyevu ulivyo, kagua kila baada ya miezi miwili.

4. Angalia unene wa waya. Mzigo wa wati 600 kwenye volti 12 unavuta ampea 50, bado hujahesabu zinazopotea ndani ya invata. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, mita mbili kwenda na mbili kurudi, unameza karibu volti 0.9. Weka wa milimita 25 za mraba, inabaki kama 0.14. Na usogeze invata karibu na betri. Urefu wa waya peleka upande wa volti 230, unaotoka kwenye invata kwenda kwenye vyombo.

5. Feni na vumbi. Puliza vumbi, acha nafasi pembeni, usiifunike kitambaa cha kudarizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kamwene fundi. Nina saluni Makambako, invata ya wati 1000. Nikiwasha draya inalia mfululizo halafu inazima. Betri?
Kamwene dada. Geuza draya usome wati zake. Nyingi zinapita 1000 peke yake, kabla hujawasha hata taa. Betri iache. Draya isubiri umeme wa gridi, au nunua invata kubwa pamoja na betri za kuibeba.

Shikamoo mzee. Niko Makete, yangu inalia alfajiri tu, mchana iko kimya.
Marahaba mwanangu. Ni baridi ya huko. Betri ya tindikali ikifika nyuzi sifuri inatoa kama asilimia 80 tu ya uwezo wake, na alfajiri ndipo imeshatumika usiku kucha. Itoe sakafuni, iweke juu ya mbao, penye hewa. Kontrola yako, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, kama ina waya wa kupima joto, ubandike kwenye betri, kwa sababu kwenye baridi betri inahitaji kuchajiwa kwa volti za juu kidogo: takriban 0.2 hadi 0.3 zaidi kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka.

Maji ya bomba la Mbeya ni masafi, naweza kuongezea?
Hapana. Masafi ya kunywa, sawa. Betri inataka maji yasiyo na madini, yale ya chupa dukani. Na ongeza maji tu, usiongeze tindikali.

Fundi wa mtaani kaniambia tukate tu kile kispika, kelele ziishe.
Kelele zitaisha, na betri nayo itafuata.