Jinsi ya Kupanga Likizo ya Familia Ngazija, Kisiwa cha Mlima Karthala

Familia nyingi zinapopanga likizo ya kisiwani huanza kutafuta hoteli, zikafuatia tiketi, na mengine yote huachwa yatajulikana huko huko. Kwa Ngazija nashauri uanze kinyume chake. Kisiwa hiki, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote vya Komoro, kimejengwa na volkano mbili zilizoungana: La Grille upande wa kaskazini, yenye urefu wa mita 1,087, na Karthala upande wa kusini, yenye urefu wa mita 2,361 na iliyo hai mpaka leo. Jiwe lililotoka katika milima hiyo ndilo linaloamua mahali utakapolala, maji utakayokunywa, viatu vya watoto na hata pwani utakayoogelea, kwa hiyo mpango mzuri huanzia kwenye jiwe lenyewe.

Siku yetu ya kwanza pale, binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, alimwaga maji yaliyobaki chupani juu ya jiwe jeusi kando ya barabara, akachuchumaa akisubiri yatiririke. Hayakutiririka. Yaliingia katika vitundu vya jiwe na kupotea, na kabla hatujaondoka jiwe lilikuwa limeanza kukauka. Hivyo ndivyo kisiwa kizima kilivyo: mvua hunyesha kwa wingi, hasa upande wa Karthala, lakini Ngazija haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima, kwa sababu maji huzama moja kwa moja ardhini. Tangu zamani watu wamekuwa wakivuna mvua kutoka mapaani na kuihifadhi katika matangi ya saruji yanayojengwa ubavuni mwa nyumba. Kwa hiyo unapozungumza na mwenye nyumba ya wageni, kabla hujauliza kama chumba kinaitazama bahari, uliza maji yanatoka wapi, tangi lina ukubwa gani, na lilikuwaje mwishoni mwa kiangazi kilichopita. Ukijibiwa kwa kusitasita, tafuta pengine. Kwa kunywa, hesabu lita mbili na nusu hadi tatu kwa mtu kwa siku, maana yake familia ya watu watano itahitaji lita 13 hadi 15. Nunua ya chupa, au chemsha ya tangi, na usiwaache watoto wapige mswaki kwa maji ambayo hujayahakiki.

Msimu nao una uzito wake. Majira ni yale yale tunayoyajua pwani kwetu: kaskazi huleta joto na mvua kati ya Novemba na Aprili, na kusi huleta ukavu na upepo wa nafuu kati ya Mei na Oktoba. Tofauti ni kwamba Komoro imo katika eneo la vimbunga. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija kikielekea Msumbiji, na kiliacha hasara kubwa kisiwani. Kwa sababu hiyo siishauri likizo ya Desemba kwa familia yenye watoto wadogo, ingawa ndiyo likizo ndefu ya shule kwetu. Familia ya Tanzania itumie likizo ya Juni, na ya Kenya ile ya Agosti, lakini ikumbuke jambo moja. Julai na Agosti ndio msimu wa harusi kubwa, ile ambayo Wangazija huiita anda, ambapo mtu hutimiza wajibu wake wa kijamii kwa sherehe za siku nyingi na gharama nzito. Wangazija wanaoishi Ufaransa hurudi kwa wingi kuhudhuria, tiketi hupanda bei, na magari ya kukodi huwa yamekwisha kuchukuliwa. Ukienda wakati huo, funga tiketi na nyumba miezi minne au mitano kabla. Faida yake ni kwamba jioni nyingi mitaani kuna ngoma na mavazi ambayo watoto hawatayasahau. Angalia pia Ramadhani inaangukia lini, kwa sababu karibu watu wote ni Waislamu na mchana migahawa mingi hufungwa. Jioni yake ni nzuri mno, lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kungoja magharibi.

Kufika si kazi kubwa. Uwanja wa ndege uko Hahaya, kaskazini mwa Moroni, mji mkuu, na kutoka Dar es Salaam angani ni chini ya saa mbili. Njia nyingine hupitia Nairobi au Addis Ababa. Ratiba hubadilika mara kwa mara, hivyo thibitisha tena wiki moja kabla ya safari. Usikubali, hata kwa bei ndogo kiasi gani, kuwavusha watoto kwa jahazi au boti ya mizigo kutoka Dar es Salaam au Zanzibar. Kila mtoto awe na pasipoti yake na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na mzazi anayesafiri peke yake abebe barua ya ridhaa ya mwenzake. Utaratibu wa viza na ada yake viulize ubalozi wa Komoro wiki chache kabla. Beba kitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Malaria ipo, kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga, hasa kwa watoto na mama mjamzito, na chandarua chepesi kisikose sanduku moja.

Kuhusu fedha, nenda na yuro taslimu, za noti ndogo ndogo. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, na yuro moja ni karibu faranga 492, kwa hiyo watoto wakubwa wanaweza kufanya hesabu kichwani kwa kuchukulia 500. Mashine za kutolea fedha ni chache na nyingi ziko Moroni. Usitegemee kadi ukiwa kijijini. Beba adapta, kwa sababu soketi ni za matundu mawili ya duara kama za Ufaransa, na plagi zetu za pembe tatu haziingii. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: magari hupita upande wa kulia. Wafundishe watoto, tena kwa vitendo siku ya kwanza, kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka.

Sasa mlima. Kila mtoto atakayeuona Karthala asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, atataka kuupanda, na mzazi anahitaji jibu lililo tayari. Maoni yangu ni kwamba aliye chini ya miaka 12 asipelekwe mpaka kileleni. Safari hiyo kwa kawaida ni ya siku mbili na usiku mmoja kambini, njia ni ndefu na yenye mawe yanayoteleza, na huko juu hakuna maji kabisa, hivyo kila tone hubebwa mgongoni. Joto hupungua takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana yake pwani kukiwa na nyuzi 26, juu zitakuwa 12 au 13 mchana, na usiku ni baridi ya kweli. Kwa vijana wenye nguvu, ajiri kiongozi wa njia kutoka vijiji vya mlimani kama Mvouni, ajiri na wapagazi, na kila mmoja awe na sweta, koti la mvua, tochi, barakoa na lita tano za maji zake mwenyewe. Malipo yote na vitu vilivyomo mkubaliane kabla hamjaanza kupanda. Kwa watoto wadogo, asubuhi moja ya kupanda kidogo tu kutoka Mvouni, katika mashamba ya migomba na vivuli vya miti mikubwa, inatosha kuwaonyesha udongo mweusi unaotokana na majivu, kisha mkarudi kula chakula cha mchana.

Usiuogope mlima kupita kiasi, lakini usiudharau. Mwaka 1903 gesi yake iliua watu 17. Mwezi Aprili 1977 lava ilitoka ubavuni, chini kabisa ya kilele, ikafunika sehemu ya kijiji cha Singani ikielekea baharini. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na majivu yalianguka mapaani na kuingia katika matangi ya maji, hata makumi ya maelfu ya watu wakakosa maji safi. Ndiyo sababu nilianza na swali la tangi. Milipuko midogo ilifuata mwaka 2006 na 2007. Moroni kuna kituo kinachopima mitetemo ya mlima, hivyo kabla ya kupanda mwambie kiongozi wenu aulize hali ya siku hiyo. Mkiwa popote kisiwani na majivu yakaanza kuanguka, ingieni ndani, fungeni madirisha, zibeni pua na mdomo kwa kitambaa chenye unyevu, na muondoe bomba la paa kwenye tangi kabla mvua haijasomba majivu kuyaingiza humo.

Ukiwa na siku saba, panga tatu za bahari, mbili za nchi kavu, moja ya mji, na moja ya mwisho iache wazi. Sehemu kubwa ya ufuko wa Ngazija ni lava kali inayokata kama kiwembe, na mchanga mweupe upo sehemu chache. Itsandra iko karibu na Moroni na inafaa kwa alasiri moja. Mitsamiouli, kaskazini, ndiyo bora kwa watoto. Chomoni, pwani ya mashariki, mchanga mweupe umelala katikati ya mawe meusi, na picha zake ni nzuri sana, lakini muulizeni mvuvi kwanza kuhusu mkondo. Kila mtu avae viatu vya mpira vinavyoziba vidole hata akiwa majini, na mbebe dawa ya kusafishia vidonda, kwa sababu mchubuko wa lava huingia vumbi na huchelewa kupona.

Siku ya kaskazini, pitieni Ziwa la Chumvi karibu na Bangoi-Kouni. Ni shimo la volkano lililojaa maji, lenye kingo za mteremko mkali, kwa hiyo washikeni watoto mikono. Masimulizi ya wenyeji ni kwamba palikuwa na kijiji hapo, kikazama baada ya watu wake kumnyima maji mgeni mwenye kiu. Katika kisiwa kisicho na mto, hadithi hiyo haihitaji ufafanuzi. Watoto wangu waliisikiliza kimya, na aliyemwagia jiwe maji alishika chupa yake kwa mikono miwili.

Siku ya mjini iwe ya miguu. Mji wa kale wa Moroni una vichochoro vinavyowakumbusha watu Mji Mkongwe wa Unguja, na Msikiti wa Ijumaa wa zamani, unaotajwa kujengwa mwaka 1427, umesimama kando ya bandari ya majahazi. Jumba la makumbusho lina silikanti aliyehifadhiwa, samaki ambaye wenyeji humwita gombesa. Wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili akapatikana Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, mwaka 1952. Mtoto wa Tanga aliyesikia habari za samaki huyu kwao atafurahi kumwona kwa macho. Waelezeni pia kwamba Sayyid Ahmad bin Sumait, mwanazuoni aliyekuwa kadhi Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra.

Lugha itawafurahisha na kuwachanganya kwa pamoja. Shingazija ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na wazee wengi waliowahi kuishi Zanzibar au Dar es Salaam watawajibu kwa Kiswahili safi. Lakini huko neno marahaba ni shukrani, si jibu la shikamoo. Muuzaji akikabidhiwa fedha na kusema marahaba, anashukuru. Wafundisheni watoto kumwamkia mkubwa kwa kusema kwezi, naye ataitikia mbona. Vaeni kwa heshima mnapopita vijijini, nguo za kuogelea zibaki ufukweni, na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa kina mama waliojipaka usoni msindanu, urembo wa msandali.

Kwa chakula, waanzisheni watoto na wali na samaki, kisha mataba, ambayo ni kisamvu kilichopikwa kwa nazi, na asubuhi mkatra wa futra, mkate laini wa kikaangoni. Pilipili yao, putu, iwekwe mbali na mikono midogo.

Ukiwa na siku kumi au zaidi, ongeza kisiwa jirani cha Mwali, ambako hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2001 inalinda kasa wanaopanda ufuko wa Itsamia usiku kutaga mayai. Nendeni na mlinzi wa kijiji, msiwashe tochi nyeupe, na msitumie boti isiyo na jaketi la kuokolea maisha lenye saizi ya mtoto. Ukiwa na siku chache kuliko hizo, baki Ngazija, kwa sababu usafiri wa kisiwa hadi kisiwa huweza kuahirishwa siku nzima na kuharibu kila kitu kilichofuata.

Siku ya mwisho, ile iliyoachwa wazi, laleni Moroni au karibu na Hahaya. Asubuhi nendeni sokoni Volo Volo mkanunue vanila na karafuu. Mafuta ya mlangilangi nunueni katika chupa ndogo za mililita zisizozidi 100, zungusheni uzi na nailoni kwenye kifuniko, mziweke katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, mbali na nguo za watoto, kwa sababu chupa moja ikivuja harufu yake haitoki hata kwa kufua mara tatu.