Somo: Kosa 2014 unapotuma amri kadhaa za SQL kwa mpigo

Tuchukue mfumo wa kupokea kahawa wa chama cha msingi huku Moshi. Karani akibofya Hifadhi, amri tatu zinatakiwa kwenda kwa pamoja: kuandika stakabadhi ya kilo 42, kuongeza salio la mkulima na kusoma salio jipya. Umeziunganisha kwa nukta-mkato ndani ya `multi_query`, kazi ya mysqli (kiungo cha PHP na kanzidata ya MySQL) inayotuma amri nyingi kwa mpigo. Stakabadhi inaingia, kisha amri inayofuata inagoma kwa kosa 2014:

`Commands out of sync; you can't run this command now`

Msikimbilie kuwasha seva upya. MySQL hurudisha jibu la kila amri kwa foleni, na hata UPDATE ina jibu lake. Jibu moja likibaki halijachukuliwa, muunganisho huo haupokei amri mpya.

1. Maliza foleni

```
$db->multi_query($sql);
do {
  if ($r = $db->store_result()) {
    $m = $r->fetch_assoc();
    $r->free();
  }
} while ($db->more_results() && $db->next_result());
```

Kwa INSERT na UPDATE, `store_result` hurudisha false. Hilo ni sawa.

2. Kagua kosa baada ya kitanzi

Hapa ndipo wengi wanapopoteza data. `multi_query` ikirudisha true, maana yake amri ya kwanza tu ndiyo imefaulu. Ya pili ikikosewa, kitanzi kinaisha kimyakimya, ya tatu haiguswi kabisa, na mkulima anabaki na stakabadhi ambayo salio lake haliitambui. Soma `$db->errno` mara tu kitanzi kinapoisha. Kuanzia PHP 8.1 mysqli hurusha kosa yenyewe, kwa hiyo likamate kwa `try/catch`. Kwa matoleo ya nyuma, weka `mysqli_report(MYSQLI_REPORT_ERROR | MYSQLI_REPORT_STRICT)` kabla ya kuunganisha.

3. Funga zote kwenye muamala mmoja

Muamala ni kundi la amri zinazofaulu zote au kufutwa zote: `begin_transaction` kuuanza, kisha `commit` kuthibitisha, na `rollback` kufuta yote kosa likitokea. Jedwali liwe la aina ya InnoDB. Kwenye aina ya MyISAM `rollback` hairudishi kitu.

Kwa maoni yangu, data inayoandikwa na mtumiaji isipite `multi_query` kabisa, kwa sababu haikubali alama za `?` zinazoshika nafasi ya data ndani ya amri. Tumia `prepare`, amri moja moja, ndani ya muamala uleule.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Mimi situmii multi_query, naita prosija (amri zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata) kwa CALL tu, na 2014 bado ipo.*

CALL huongeza jibu moja la hali mwishoni, hata prosija ikiwa na SELECT moja. Ukishasoma matokeo na kuyaachia kwa `free`, weka: `while ($db->more_results() && $db->next_result());`

*Habari za kazi. Niko Arusha, mfumo wa nafasi za magari ya safari. Kosa limeisha, ila makarani wawili wakihifadhi kwa pamoja nafasi moja inauzwa mara mbili.*

Hilo ni tatizo jingine, dada. Unasoma nafasi kwenye PHP, unapunguza, halafu unaandika. Katikati mwenzako naye ameshasoma namba ileile. Iachie kanzidata ihesabu:

`UPDATE magari SET nafasi = nafasi - 1 WHERE id = ? AND nafasi > 0`

Kisha angalia `affected_rows`. Ikiwa 0, gari limejaa: fanya `rollback` na umwambie karani.