Kuomba paratransiti Marekani: eleza safari, usiishie kwenye jina la ugonjwa

Mji wowote wa Marekani wenye mabasi ya umma yanayofuata njia na ratiba unabanwa na ADA, sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, kuwa na usafiri wa pili, kwa ajili ya watu ambao ulemavu au maradhi yanawazuia kutumia mabasi hayo. Ni gari la kuagiza, linakuchukua na kukupeleka unakokwenda, na njiani laweza kubeba abiria wengine. Kwa jumla huitwa paratransiti, lakini miji huipa majina yake: New York ni Access-A-Ride, Boston ni The RIDE, Houston ni METROLift, Louisville ni TARC3. Tafuta kwanza jina la kwenu, ulitaje unapopiga simu, usije ukatumiwa fomu ya nauli nafuu. Hiyo ni fomu nyingine: inawapa wazee wa miaka 65 na zaidi, watu wenye ulemavu na wenye kadi ya Medicare (bima ya afya ya serikali kuu) nusu nauli kwenye mabasi ya kawaida nje ya saa za msongamano. Ijaze nayo pia, haikuzuii kuomba paratransiti.

Kama Kiingereza hakijakaa sawa, mtu akipokea simu sema neno moja tu, "Swahili", halafu usikate. Kumtafuta mkalimani kunaweza kuchukua dakika kadhaa za kimya. Sheria haijaweka uraia wala aina ya viza kuwa sharti, na hairuhusu ada ya maombi. Ukiambiwa ulipie fomu, umekosea mlango.

Swali lenyewe wanalouliza

Kurasa za jina na anwani hazina shida. Shida ipo kwenye ukurasa unaouliza kwa nini huwezi kutumia basi. Wengi huandika "kisukari", "mgongo" au "presha" na kuishia hapo. Ofisi haipimi ugonjwa, inapima safari: kutoka mlangoni kwako hadi kituoni, kusubiri, kupanda, kukaa, kujua pa kushuka, kushuka, na kutembea hadi unakokwenda. Sheria inamkubali mtu ambaye moja ya hatua hizo inamshinda, si anayeiona ngumu au ya kuchosha. Umbali wa kituo peke yake hautoshi. Umbali pamoja na goti lisilokunjika, hapo una hoja.

Kwa hiyo badala ya "naumwa miguu", andika hivi: "Natembea kwa mkongojo. Baada ya nyumba nne hivi lazima nikae chini, na kati ya kwangu na kituo hakuna mahali pa kukaa. Siwezi kusimama zaidi ya dakika kumi, na kituo hakina benchi. Theluji ikiganda njiani sitoki kabisa, kwa sababu mguu wa kushoto hauna hisia na sijui nimekanyaga wapi." Taja namba halisi za dakika, hatua na ngazi. Kama tatizo ni macho, kumbukumbu au kifafa, eleza kinachotokea barabarani: huoni gari likikata kona, unapotea basi likibadili njia, unaanguka bila dalili.

Andika siku mbaya na siku nzuri zote mbili, na useme siku mbaya huja mara ngapi. Wapo wanaokubaliwa kwa masharti, kwa mfano majira ya barafu tu, au usiku tu kwa mwenye uoni hafifu. Kibali cha namna hiyo ni halali na kina faida, usikidharau.

Kama unahitaji mtu wa kukusaidia safarini, weka alama kwenye kisanduku cha msaidizi sasa hivi. Msaidizi aliyeandikishwa halipi nauli. Ndugu anayekusindikiza tu hulipa nauli sawa na yako.

Karatasi ya daktari, na tarehe ya kushikilia

Miji mingi inataka daktari, muuguzi au mtaalamu wa viungo ajaze sehemu yake. Hapa ndipo wiki hupotea. Ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi, lakini zinaanza kuhesabiwa maombi yakiwa kamili, na ukurasa mmoja wa daktari ukikosekana hayajakamilika. Usikubali kliniki iseme "tutatuma wenyewe" ukaondoka hivyohivyo. Omba nakala yako, kisha siku mbili baadaye piga simu kwa ofisi ya paratransiti uulize: karatasi ya daktari imefika? Maombi yamehesabiwa kuwa kamili tarehe ngapi? Andika tarehe hiyo na jina la aliyekujibu.

Mpelekee daktari maelezo yako uliyoandika kwenye fomu. Akiandika jina la ugonjwa peke yake, au akiandika kwamba unatembea vizuri wakati wewe umesema huvuki hatua hamsini, karatasi zenu zitapingana.

Siku ya mahojiano

Miji mingine huita mtu kwa mahojiano na majaribio: utembee, upande ngazi, upande rampu (njia ya mteremko isiyo na ngazi). Wakikuita, omba usafiri wa kwenda na kurudi, haupaswi kukugharimu kitu. Nenda na kifaa unachotumia kila siku, hata kama leo unajisikia nafuu.

Sasa, adabu yetu. Mtu akiulizwa hali hujibu "sijambo", "nzuri tu", "tunamshukuru Mungu", hata kama hakulala kwa maumivu. Mkalimani atatafsiri kwamba hali yako ni nzuri, na anayekupima ataandika hivyo. Baada ya salamu, jibu swali kama lilivyo. Ukiambiwa ujaribu ngazi na goti linauma, sema linauma pale pale, usikaze meno umalize ili uonekane imara.

Chunga pia maneno ya mwili. "Mguu" kwetu ni kuanzia nyongani hadi vidoleni, na "mkono" ni kuanzia begani. Kiingereza kinagawa. Sema goti, paja, wayo, kifundo, kiganja, na uguse kwa kidole. Mtoto wako asitafsiri: kuna mambo hutayasema mbele yake, na mengine atayapunguza makali kwa kukuonea huruma.

Siku 21 zikipita bila jibu, piga simu uombe kuanza kupewa safari. Ni haki yako kuhudumiwa kama aliyekubaliwa hadi uamuzi utoke.

Ukikubaliwa

Soma hati yako: jina, tarehe ya mwisho, masharti, na kama msaidizi ameandikwa. Gari linafika maeneo yaliyo ndani ya robo tatu ya maili, kama kilomita 1.2, kila upande wa njia ya basi, kwa siku na saa ambazo basi hilo linatembea. Nauli haiwezi kuzidi mara mbili ya nauli kamili ya basi kwa safari kama hiyo. Ofisi haina ruhusa ya kutanguliza hospitali kuliko kanisa, msikiti au soko.

Unaagiza angalau siku moja kabla. Wanaweza kusogeza muda wako hadi saa moja mbele au nyuma, ila huku wakizingatia saa unayotakiwa kufika. Taja saa kwa tarakimu za simu yako: "8:00 asubuhi", usiseme "saa mbili". Mkalimani akipitiwa, gari litakuja saa 2:00 mchana, wewe utaandikiwa hukutokea, na hali hiyo ikijirudia wanaweza kukusimamisha. Ukiandikiwa kosa ambalo si lako, kama gari lenyewe kuchelewa, pinga mara moja, maana halipaswi kuhesabiwa.

Ukitembelea mji mwingine, hati hiyo inakupa hadi siku 21 za huduma huko ndani ya mwaka. Piga simu kabla ya kusafiri.

Ukikataliwa

Barua lazima itaje sababu mahususi. Una siku 60 za kukata rufaa, na atakayeisikiliza si yule aliyekukataa. Omba kufika mwenyewe, na uombe mkalimani kwa maandishi. Shughulikia sababu waliyoandika, si nyingine: wakisema unaweza kufika kituoni, peleka picha za njia yenyewe, mahali ambapo lami ya watembea kwa miguu inakatika, kilima, barabara isiyo na taa za kuvukia, pamoja na barua ya daktari inayosema kwa nini mwili wako haupiti hapo. Zikipita siku 30 baada ya kusikilizwa bila uamuzi, wanapaswa kukupa safari hadi watakapoamua.