SOMO: Kutumia mtandao kukagua mkataba wa pango la biashara kabla hujasaini

Wakuu, watu wengi wakipewa mkataba wa fremu au ofisi huingia Google, wakapakua sampuli mbili tatu na kuanza kulinganisha. Sampuli haikuambii kama kampuni inayokupangisha ipo, kama anayesaini ana mamlaka, wala kama kipengele cha adhabu kitasimama mahakamani. Mtandao utumie kuhakiki yale ambayo mkataba wenyewe unadai. Somo hili ni la Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

Hatua ya 1: Geuza kila kipengele kuwa swali

Soma mkataba wote mara moja bila kugusa mtandao. Kisha chora jedwali la safu nne: namba ya kipengele, swali, chanzo, tarehe uliyosoma chanzo hicho. Usiruke safu ya tarehe, maana viwango vya kodi hubadilika na Sheria ya Fedha karibu kila Julai 1.

Swali liwe linajibika. "Je, kipengele cha 9 ni kizuri?" halijibiki. "Nikichelewa siku saba, asilimia 20 ya pango la mwaka inadaiwa yote, au mahakama inaweza kupunguza?" linajibika.

Hatua ya 2: Hakiki wahusika

Ingia kwenye mfumo wa usajili wa mtandaoni (ORS) wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni na majina ya biashara. Tafuta kwa namba ya usajili kwanza, jina baadaye, kwa sababu majina hufanana sana na herufi moja inaweza kukupeleka kwenye kampuni nyingine. Angalia pia kama ulichopewa ni kampuni au ni jina la biashara tu. Jina la biashara si mtu kisheria, hivyo mkataba lazima umtaje mmiliki wake, "anayefanya biashara kwa jina la…". Mkataba uliosainiwa na jina la duka peke yake utakusumbua siku ukitaka kumshtaki mtu.

Utafutaji wa bure hauonyeshi mengi. Lipia taarifa rasmi ya kampuni upate orodha ya wakurugenzi, uilinganishe na jina lililo chini ya mkataba. Kama anayesaini hayumo, omba azimio la bodi au hati ya uwakilishi. Angalia na rehani zilizosajiliwa: jengo likiwa dhamana benki na mkopo ukakwama, mnunuzi wa mnada anaweza asitake kukujua.

Hatua ya 3: Fedha

Hapa ndipo hasara nyingi zinapojificha, kwa hiyo tumia muda.

*Sarafu.* Ukikuta pango limeandikwa kwa dola, fungua Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za 2025, Tangazo la Serikali Na. 198. Zinakataza kutaja bei ya bidhaa au huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, isipokuwa kwa vighairi vichache ambavyo pango la fremu ya kawaida halimo. Ujanja wa "dola 800 au kiasi chake kwa shilingi" hauponyi kitu, maana bei bado imetajwa kwa dola.

*Kodi ya zuio.* Mpangaji wa jengo la biashara anakata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha. Pango la milioni 12 kwa mwaka maana yake unampa mwenye jengo 10,800,000 na TRA 1,200,000. Sasa tafuta maneno "bila makato yoyote". Yakiwepo, mwenye jengo anataka apokee milioni 12 kamili na kodi iwe juu yako. Hesabu yake ni 12,000,000 gawanya kwa 0.9, yaani 13,333,333. Umeongezewa zaidi ya milioni 1.3 kwa maneno matatu.

*VAT.* Mkataba ukisema "bei haijumuishi VAT", omba namba ya usajili wa VAT na uihakiki TRA pamoja na TIN. Asiyesajiliwa haruhusiwi kutoza VAT. Kiwango cha mauzo kinacholazimisha usajili ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo mwenye jengo dogo mara nyingi hajasajiliwa.

*Ushuru wa stempu.* Ni asilimia 1 ya pango la mwaka, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu. Mkataba useme wazi nani analipa.

Hatua ya 4: Soma sheria yenyewe, toleo sahihi

Sheria ya Mikataba ni Sura ya 345. Ipakue TanzLII (tovuti ya bure ya sheria na hukumu za Tanzania) au kwenye tovuti ya serikali, usiisome kwenye makala ya mtu. Kuna mtego: Toleo la Urekebu (sheria zote zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake) la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, na kwenye baadhi ya sheria namba za vifungu zimesogea. Hukumu za zamani na makala nyingi bado zinataja namba za toleo la 2019. Ukinukuu namba, andika na toleo.

Tukirudi kwenye ile asilimia 20: kifungu cha 74 (toleo la 2019) kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa. Kilichoandikwa ni dari. Una hoja ya kuomba kipunguzwe kabla ya kusaini.

Hatua ya 5: Hukumu

TanzLII ina hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani bure. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa Kiingereza na ufunge maneno kwa alama za kunukuu: "section 74" "Law of Contract Act". Bila alama hizo utaletewa mamia ya kesi za jinai zenye kifungu cha 74 cha sheria nyingine. Chuja kwa mahakama na mwaka, ukianza na Mahakama ya Rufani.

Utambulisho wa hukumu unakuambia uzito wake: TZCA ni Mahakama ya Rufani, inayozifunga mahakama zote za chini, TZHC ni Mahakama Kuu, TZHCComD ni Divisheni ya Biashara. Ukipata ya Mahakama Kuu, tafuta tena majina ya wadaawa (pande za kesi) uone kama ilikatiwa rufaa. Soma mwisho wa hukumu kwanza, kisha ukweli wa kesi. Kesi ya mkopo wa benki inaweza isikusaidie kwenye pango hata kama kifungu ni kilekile.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa nini nisipakie mkataba kwenye AI ikague yote?
Inafaa kuorodhesha tarehe, malipo na maneno yaliyotumika bila kufafanuliwa. Kwa sheria na kesi usiiamini mpaka ufungue hukumu mwenyewe. Mwaka 2023 mawakili huko New York, kwenye kesi ya Mata v. Avianca, walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Na kabla ya kupakia, futa majina, TIN, namba za simu na akaunti; kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mwenye jengo ni mzee mmoja, BRELA hayumo. Nafanyaje?
Mtu binafsi si lazima awe BRELA. Omba nakala ya hati miliki, chukua namba ya hati na ya kiwanja, uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Neno la dalali halitoshi. Kama hati ina jina la marehemu, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani.

Tulisaini kwa dola tangu 2023, miaka mitano. Mkataba umekufa?
Usikimbilie hapo. Kanuni ziliipa mikataba iliyokuwepo mwaka mmoja irekebishwe, kuanzia Machi 2025. Andikeni nyongeza yenye pango kwa shilingi, mkitaja kiasi kamili na namna kitakavyopanda kila mwaka. Msiandike dola "kwa kiwango cha siku" cha kubadilishia fedha, mtarudi kulekule. Saini za nyongeza ziwe za watu wenye mamlaka, kama hatua ya 2.

Niko Mombasa, hatua hizi zinanifaa?
Utaratibu ndiyo, vyanzo hapana. Kampuni utaihakiki kwa CR12 (taarifa rasmi ya wakurugenzi na wanahisa) kupitia eCitizen, ardhi kwa mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa pale ulipofika, hukumu kwa tovuti ya Kenya Law. Usichukue kifungu cha 74 cha huku. Sheria yetu ilifuata kwa sehemu kubwa ile ya India ya 1872. Kenya inafuata kanuni za mahakama za Uingereza, na swali la adhabu huko linaamuliwa kwa njia nyingine.