Jinsi ya Kuchora Kinamasi cha Yala juu ya Karatasi ya Mafunjo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mchoraji, mwalimu wa sanaa au kikundi cha vijana kinachotaka kuonyesha urithi wa kinamasi cha Yala, magharibi mwa Kenya, kwa picha zilizochorwa juu ya karatasi ya mafunjo. Kinamasi hicho kimo katika kaunti za Siaya na Busia, na eneo lake ni takribani hekta 17,500. Tangu miaka ya 1960, serikali ilipoanza kukausha sehemu yake kwa ajili ya kilimo, kimekuwa kikimegwa kidogo kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Kimarekani ilifungua humo mashamba makubwa ya mpunga. Karatasi ya mafunjo inaifaa kazi hii kuliko karatasi ya dukani kwa kuwa kinachochorwa na kinachochorewa vinatoka mahali pamoja.

Kabla ya kukata funjo hata moja, onana na wazee wa kijiji na akina mama wanaosuka mikeka, kwani hao ndio wajuao mahali panapokatwa kwa desturi, mahali ndege wanapotaga na mahali ambapo mguu hutitia. Ukipanda Got Ramogi, kilima ambacho kwa masimulizi ya Wajaluo ndipo Ramogi na watu wake walipofanya makazi yao ya kwanza nchini Kenya, utakiona kinamasi kikiwa kimetandazwa chini yako. Chora hapo michoro ya awali kwa penseli tu, ili ujue mipaka ya maji, mafunjo na mashamba kabla ya kushuka kwenye vitu vidogo vidogo.

Chagua mafunjo yaliyokomaa lakini yangali ya kijani, uyakate karibu na usawa wa maji kwa kisu kikali, na uyaache machipukizi machanga. Usiyang'oe wala kuchoma moto, maana mmea huchipua upya kutoka kwenye mizizi minene inayotambaa chini. Shina la funjo lina pembe tatu. Likate vipande vya urefu wa karatasi unayoitaka, ulimenye ganda la kijani (usilitupe, wasukaji wana matumizi nalo), kisha upasue moyo wake mweupe kuwa vibanzi vyembamba vya unene ulio sawa. Viloweke ndani ya maji safi kwa siku tatu hadi sita, ukiyabadilisha maji kila siku. Kadiri vinavyokaa majini ndivyo karatasi inavyokuwa ya rangi ya kahawia. Vikandamize kwa mti wa kusukumia chapati hadi maji yatoke na vilegee. Tandaza kitambaa cha pamba juu ya ubao, upange vibanzi kwa mlalo huku kila kimoja kikipanda kidogo juu ya mwenzake, halafu upange tabaka la pili juu yake kwa wima. Gundi haihitajiki, kwa sababu utomvu wa mmea wenyewe hushika. Funika kwa kitambaa kingine, weka ubao na mawe mazito juu yake, na ubadilishe vitambaa vilivyolowa asubuhi na jioni hadi karatasi ikauke kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki nzima. Asiye na subira ataianika juani, nayo itajikunja isinyooke tena.

Kwa rangi nyeusi, saga mkaa uwe unga laini, uuchuje kwa kitambaa na uuchanganye na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwa maji. Udongo mwekundu uliochekechwa hutengenezwa vivyo hivyo. Majani yaliyopondwa na manjano ya jikoni yanavutia siku ya kwanza, lakini mwanga huyafifisha upesi. Kwa kijani na njano ni afadhali kununua rangi za dukani.

Katika kuchagua cha kuchora, uhakika ni muhimu kuliko urembo. Picha nyingi za watalii hujaza twiga na machweo popote pale, na mchoro wa Yala wenye flamingo ni uongo hata ukiwa mzuri namna gani. Yala ina ndege wake, Laniarius mufumbiri, ambaye huishi ndani ya mafunjo tu: tumbo jekundu la kung'aa, mgongo mweusi, mstari mweupe bawani na utosi wa njano. Usiusahau utosi huo, la sivyo utakuwa umemchora jamaa yake mwenye kichwa cheusi, anayeonekana hata kwenye vichaka vya kawaida. Nzohe, swala wa majimaji, ana kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya tope. Pembe zilizojipinda ni za dume peke yake. Akiogopa huzama na kuacha pua juu ya maji, na hiyo ni picha nzuri kuliko ya mnyama aliyesimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Katika ziwa Kanyaboli chora ngege, samaki aliyekaribia kutoweka kabisa katika Ziwa Viktoria baada ya sangara kuletwa, lakini akabaki hapa.

Watu nao wawemo: mvuvi, msukaji wa mkeka, paa lililoezekwa kwa mafunjo. Wawemo pia mifereji na tuta la shamba, kwa kuwa kinamasi kisicho na alama ya ukaushaji si Yala ya leo. Ukinakili mtindo wa mkeka wa mtu, mwombe ruhusa, umtaje kwa jina akikubali, na mkubaliane mapema juu ya fungu lake picha ikiuzwa.

Onyesho la kwanza lifanyike shuleni au sokoni karibu na kinamasi, maelezo yakiwa kwa Kijaluo na Kiswahili. Kwa upande wa Busia, Kinyala kiongezwe. Baada ya onyesho, zihifadhi karatasi zikiwa zimelala bapa katikati ya mbao mbili mahali pakavu, kwa sababu unyevu huleta ukungu, na mende huzitafuna.