Kuchora kikombe kwa penseli: somo la kwanza

Wanaoanza kuchora wengi hukimbilia uso wa mtu au simba, wakakata tamaa wiki hiyohiyo. Anza na kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu. Kinatulia, na humo mna karibu kila utakachokihitaji baadaye: uwiano, mviringo, mwanga na kivuli.

Vifaa ni vichache: karatasi za A4 za fotokopi, penseli ya HB na ya 4B, raba laini na kichongeo. B ni laini na hukoza; H ni ngumu, ukiikandamiza inakwaruza karatasi. Ukikosa 4B, 2B inatosha. Boksi la penseli 12 liache dukani kwanza.

Weka kikombe mezani, kama sentimita 70 kutoka ulipo, chini ya usawa wa macho kiasi cha kuona ndani kidogo. Mwanga utoke dirisha moja la ubavuni. Zima taa ya dari, maana mianga miwili huzaa vivuli viwili vinavyogombana. Karatasi iegemeze kwenye ubao ulioinuliwa. Ukiilaza mezani unaitazama kwa mshazari, na mchoro hutoka mrefu kuliko kitu chenyewe.

Sasa pima. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, laza penseli usawa wa kikombe: ncha ikutane na ubavu wa kushoto, ukucha wa kidole gumba usimame ubavu wa kulia. Bila kusogeza kidole, isimamishe penseli uone upana huo unaingia mara ngapi katika urefu. Kiwiko kikikunjika katikati ya kazi, kipimo kimeharibika, rudia. Tuseme urefu ni upana mmoja na robo: ukichora upana wa sentimita 8, urefu ni 10. Piga mstari wima wa katikati kwa HB, mwepesi, kisha weka alama zako.

Kwenye mviringo ndipo wengi hukwama. Kichwa kinajua kwamba mdomo wa kikombe ni duara na kitako ni bapa, basi mkono unachora mdomo ulioachama na kitako kilichonyooka kama rula. Jicho halioni hivyo. Mdomo na kitako vyote huonekana kama duara lililobanwa, na la chini halikubanwa sana kama la juu, kwa sababu liko mbali zaidi na usawa wa macho. Pembeni pasichongoke kama jicho la mtu. Hata pale mstari hupinda taratibu. Zungusha mkono hewani mara tatu nne, kutoka begani, ndipo penseli iguse karatasi. Chora mviringo wa kitako mzima, hata upande wa nyuma usioonekana, kana kwamba kikombe ni cha kioo, kisha futa usichohitaji. Geuza karatasi juu chini: upande uliolemaa utauona mara moja.

Mkono wa kikombe usiuchore kwanza. Chora tundu lililo kati yake na ubavu, na mkono wenyewe utakaa mahali pake.

Kivuli kinataka subira. Finya macho mpaka maua na michubuko ipotee, yabaki mabaka ya giza na mwanga tu. Jaza kwa 4B, viboko vya mwelekeo mmoja, tabaka juu ya tabaka. Tazama kwa makini ubavu wa giza: weusi mkubwa hauko ukingoni kabisa. Pale mwisho pana ukanda mwembamba uliopauka, mwanga unaorudishwa na meza. Ukiufunika, kikombe kinakuwa bapa. Kivuli cha mezani nacho hukolea pale kitako kinapogusa, kikafifia kadiri kinavyokwenda mbali. Usisugue kwa kidole, mafuta ya ngozi huacha madoa yasiyotoka kwa raba. Na chini ya kiganja weka kipande cha karatasi.

Dakika 20 kwa siku zinatosha. Kichore kikombe hichohicho mara tano, kila mara ukigeuza mkono wake upande mwingine, na uandike tarehe. Mara ya sita kipandishe kwenye rafu, juu ya usawa wa macho. Ndani hutaona tena, mstari wa mdomo utapinda kwenda juu kama upinde, na safari hii wa mdomo ndio utakaopinda zaidi kuliko wa kitako.