Dume mzee wa mkia mweusi: mtafute Februari, mtambue kwa shingo

Msimu wangu wa tatu wa kuwinda hapa Oregon nilimwangusha kulungu dume wa mkia mweusi, mwenye pembe za ncha tatu kila upande. Nikapiga picha kama ishirini, nikamrushia kaka yangu Tabora, nikajiona bingwa. Idara ya wanyamapori ya jimbo hupokea meno ya mbele ya kulungu waliowindwa; jino hukatwa na pete zake zikahesabiwa, kama mtu anavyohesabu pete za gogo. Nikapeleka. Majibu yalipotoka, miezi mingi baadaye, dume wangu alikuwa wa miaka miwili. Kijana wa juzi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba asubuhi ileile, kabla yake, nilikuwa nimemwacha dume mwingine apite. Huyo alikuwa na ncha mbili tu kila upande, pembe fupi, nene, zimepinda vibaya, na uso umechakaa. Nikasema moyoni, huyu hana kitu. Nilipomsimulia jirani yangu alicheka hadi akakohoa. "Huyo uliyemdharau ndiye babu," akasema.

Jirani huyu aliendesha malori ya magogo maisha yake yote kwenye milima ya pwani, na watu wote hapa Forest Grove, hata watoto, wanamwita kwa jina lake la kwanza. Mimi ulimi ulikataa. Nikamweleza maana ya neno Mzee, akalipenda, na sasa ukimwita hivyo anaitika. Mengi ninayoandika hapa nimeyapata kwake. Mengine ni ya babu yangu, aliyekuwa akifuata asali kwenye miyombo ya Sikonge na kusoma nyayo njiani kama wengine wanavyosoma gazeti.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Nasema kulungu kwa sababu ndivyo wengi wetu huku tunavyosema, ingawa kulungu wa nyumbani ni mnyama mwingine, na wasomaji wa Biblia watasema ayala. Mkia mweusi anakaa upande wa mvua wa milima ya Cascade, kuanzia kaskazini mwa California hadi British Columbia, na ana ndugu yake mdogo wa Sitka kule Alaska. Upande mkavu wa mashariki yuko binamu mwenye masikio makubwa kama ya punda, mwenye mkia mwembamba mweupe wenye ncha nyeusi. Huyu wetu mkia wake ni mpana na mweusi kwa juu. Akiwa amesimama kwenye kivuli cha kangaga na mvua inanyesha, unaweza kumwangalia dakika tano ukidhani ni kisiki.

Kazi yenyewe inaanza Februari. Watu hushangaa, kwa sababu msimu wa bunduki upande huu wa magharibi hufunguliwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Lakini mbawala wa nyumbani pembe zake ni za maisha, wakati huyu wa hapa huziangusha kila mwaka, kati ya mwisho wa Desemba na Machi, kisha huota mpya. Pembe ukiikuta chini Februari imekupa habari mbili: mwenyewe msimu haukumuua, na anaishi hapohapo. Mkia mweusi wa milima ya pwani hahami mbali. Akishazeeka, eneo lake ni dogo sana, na mwaka unaofuata utamkuta karibu na palepale.

Ukiokota pembe, usianze kuhesabu ncha. Shika kitako chake, pale ilipokuwa imekaa kichwani. Kikikaribia unene wa mpini wa jembe, una mtu mzima mkononi. Kikiwa kama kalamu ya wino, irudishe chini, panya wapate chumvi yao.

Februari ina faida nyingine. Majani ya miti ya alda yamepukutika, kangaga zimelala, na njia zote za wanyama zinaonekana kama mistari ya kiganja. Unaweza kuingia hadi kitandani kwake bila hofu, maana una miezi minane ya kumsahaulisha harufu yako. Ukiingia humohumo Septemba umemfukuza.

Sasa, uingie wapi? Msitu wa jimbo wa Tillamook, ninaowinda mimi, uliungua mara nne: 1933, 1939, 1945 na 1951. Ukapandwa upya kwa mikono, hata watoto wa shule walipanda, na sehemu kubwa ni misonobari ya Douglas iliyokua pamoja kama darasa moja. Miti ya rika moja ikifunga paa lake la matawi, chini kunakuwa giza na hakuna cha kula. Mgeni huona msitu mkubwa, akadhani kulungu wamejaa. Kumbe chakula kiko kwenye uwazi, yaani mahali palipokatwa miti miaka mitatu hadi minane iliyopita, ambapo blakiberi mtambaao na majani mabichi yamerudi. Majike na vijana utawaona humo mchana kweupe. Dume mzee hakai humo. Analala pembeni, kwenye miti ya miaka kumi hadi ishirini iliyosongamana kiasi kwamba hata mbwa anapita kwa taabu.

Kwenye ramani ya mistari ya miinuko natafuta vitu vitatu vilivyo jirani: uwazi wenye chakula, msongamano wa miti michanga, na kibaraza. Kibaraza ni jina langu mwenyewe. Ni pale mteremko mkali unapotulia kidogo, hatua kumi au ishirini za tambarare, kisha unaendelea kushuka. Dume mzee hukaa hapo kama mzee wa mtaa kwenye baraza lake: mgongo kwenye gogo, upepo unamletea habari za nyuma, macho yanaangalia chini. Kilalo chake ni duara lililokandamizwa, kikavu hata siku ya mvua, mara nyingi chini ya mwerezi mkubwa uliosazwa. Kilalo kimoja kikubwa peke yake kinanifurahisha. Vikubwa na vidogo pamoja ni mama na watoto wake.

Halafu misuguo. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba pembe huvuliwa ile ngozi laini kama mahameli, na dume huanza kusugua miti. Wakubwa huwa wanatangulia, kwa hiyo msuguo mbichi wa mapema naupa uzito. Kijana huchagua kijiti cha unene wa kidole gumba. Ukikuta alda au mwerezi wa unene wa kigasha chako umechunwa, umechimbwa mifereji, na nywele za kijivu zimenasa kwenye utomvu, piga magoti uutazame vizuri. Ila usigeuze kanuni: mzee naye husugua vijiti akijisikia. Mti mnene ni ushahidi, mti mwembamba hauthibitishi chochote. Mimi hutafuta mstari wa misuguo, mmoja hapa, mwingine hatua thelathini mbele, kwa sababu mstari unaonyesha anakoelekea.

Nyayo napima kwa kidole changu cha kati, ambacho ni sentimita saba na nusu. Kwato ikikifikia au kukipita, bila kuhesabu vile vikwato vidogo vya nyuma, na ncha zake zimelika zikawa butu, nafuata. Watu husema vikwato vikigusa tope basi ni dume. Si kweli, kwenye tope laini hata jike huviacha. Na angalia usifuate elki, jamaa mkubwa wa kulungu, ambaye wayo wake ni mkubwa zaidi na wa mviringo. Mimi nilimfuata elki nusu siku nzima mwaka wa kwanza, na Mzee hajanisamehe.

Julai na Agosti ni darubini tu. Kaa ng'ambo ya bonde kabla jua halijatoka, angalia uwazi. Madume wakiwa bado na ngozi ya mahameli kwenye pembe hutembea pamoja na hawana haya, ni nafasi ya kuwalinganisha wakiwa wamesimama bega kwa bega. Katikati ya Septemba wanapotea kama wadeni.

Kamera za kutegea ninazo tatu. Siziweki kwenye uwazi. Huko nitapata picha mia mbili za majike. Naziweka kwenye njia finyu ndani ya msongamano, juu kidogo ya njia kuu inayotumiwa na majike, zikitazama kaskazini ili jua lisizipofushe, na nafyeka kangaga zote za mbele, vinginevyo upepo utakujazia picha za majani. Naenda kuzikagua baada ya wiki tatu, mchana, mvua ikinyesha ifute harufu. Cha kwanza kusoma ni saa ya picha. Dume anayepita saa nane usiku analala mbali. Anayepita saa kumi na mbili na nusu jioni, katikati ya Oktoba, mwanga haujaisha, kilalo chake kiko karibu mno, hapo sisogei tena.

Tuje kwenye kumtambua, maana hapa ndipo nilipoanguka. Mzee alinifundisha kwa kufunika pembe. Alinipa picha za kamera, akaweka kidole juu ya kichwa cha kila dume, akaniuliza, "Ana miaka mingapi?" Tulifanya hivyo majira yote ya baridi, mezani kwake, na chai yangu ya tangawizi ambayo anadai inachoma lakini humaliza kikombe.

Dume wa mwaka mmoja na nusu ukimfunika pembe ni jike. Shingo nyembamba, miguu mirefu kuliko mwili, uso mrefu mwembamba. Wa miaka miwili na mitatu ndiye mdanganyifu, pembe zake zinaweza kuwa nzuri sana, kama za yule wangu. Lakini tumbo limepanda kwa nyuma kama la mbwa wa mbio, na ukimtazama ubavuni unaona mahali shingo inapoishia na bega linapoanzia.

Kwa mzee huoni mahali hapo. Shingo inaingia kifuani moja kwa moja kama kisiki kinavyoingia ardhini. Kifua ni kizito kuliko makalio, tumbo limenyooka au linaning'inia, na miguu kwa hiyo inaonekana mifupi. Kichwa ni kifupi na kipana, kama cha fahali, mdomo na mashavu yana mvi, na lile baka jeusi la paji la uso limetanuka. Angalia vifundo vya miguu ya nyuma kwa ndani: kwenye tezi pale nywele ni nyeusi, zimelowa mkojo wake mwenyewe, hasa kuelekea Novemba. Na pembe? Zinaweza kuwa ncha nne, zinaweza kuwa mbili. Akizeeka sana huweza hata kurudi nyuma.

Tahadhari moja: Novemba shingo za wote huvimba, hata kijana wa miaka mitatu anajifanya baba wa watu. Kwa hiyo shingo ya mapema Oktoba ndiyo ya kuaminika. Baada ya hapo sogeza macho tumboni na usoni.

Mwendo nao unasema. Majike yakitoka kwenye uwazi, mzee hubaki hatua kumi ndani ya miti, anasimama. Kijana anapita njia kuu, mzee anaikata. Ukimkaribia, kijana hukimbia na kelele. Mzee huacha upite. Mara mbili nimegundua nyayo zake mbichi zikiwa juu ya nyayo zangu.

Upepo sitauongelea sana, kila mwindaji anaujua. Babu alitumia jivu kwenye kitambaa. Hapa jivu linakuwa uji kwa mvua, kwa hiyo nina kichupa cha poda ya mtoto. Kabla jua halijapiga, hewa baridi hushuka na mteremko, likishapiga, hupanda. Jioni inashuka tena.

Kuhusu sheria, soma kitabu cha kanuni cha mwaka husika, kwa sababu hubadilika. Dume mmoja kwa kibali, risasi ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kutoka hadi nusu saa baada ya kuzama, na taarifa ya uwindaji lazima uijaze hata kama umerudi mikono mitupu. Nguo ya rangi ya chungwa Oregon inawalazimu walio chini ya miaka 18 tu. Mimi naivaa na miaka yangu 41, na mume wangu huwa na ramani yenye alama ya nilipo, kwa sababu huko simu haishiki.

Februari hii nimeokota pembe ya kushoto kwenye kibaraza kimoja juu ya Gales Creek. Ncha mbili, nene, imepinda kwa ndani. Mzee aliigeuzageuza mkononi bila kusema neno, kisha akaleta picha ya kamera ya dume yule niliyemwacha mwaka wa kosa langu na kuziweka pamoja mezani. Haiwezekani kuwa ni yuleyule, nilisema, miaka imepita. "Basi mtoto wake," akasema, "au kibaraza chake." Nitakaa kwenye kisiki kilicho chini yake wiki ya mwisho ya msimu, majike yanapoanza kuwachanganya madume akili. Saa tatu asubuhi, jua likishagusa mteremko, nitahamia juu.